Kurasa Kumi na Nne za Tansy

Barua ya ofisi ya kodi ilimkuta Verlene Stubblefield akimenya viazi. Aliposoma mstari wa pili alikiweka kisu chini, asije akajikata kwa hasira. Serikali ilitaka kujua kama Tansy, mjukuu wake wa miaka tisa, anaishi naye kweli. Kuna mtu mwingine amemwandika mtoto huyo huyo kwenye fomu zake za kodi kuwa anamtunza yeye, ili apunguziwe kodi, na mtoto mmoja haandikwi na watu wawili. Kila upande ulete ushahidi ndani ya siku thelathini. Siku kumi na tano kati ya hizo barua ilikuwa imezimaliza njiani.

Jina la huyo mtu halikutajwa. Verlene hakuhitaji kutajiwa.

"Cody," alisema, kama anayetema mbegu ya tikiti.

Cody Haskew alikuwa baba yake Tansy, na ubaba wake uliishia hapo. Rhonda, binti wa Verlene, alipofariki katika ajali ya barabarani, Cody ndiye aliyelia kuliko watu wote kanisani. Alimkumbatia hata mchimba kaburi. Kisha akamwacha mtoto kwa bibi yake wiki mbili tatu hivi, mpaka akili imtulie. Huu ulikuwa mwaka wa sita na akili bado ilikuwa inatafuta pa kutulia. Alikaa mwendo wa saa moja tu kutoka pale, humo humo jimbo la Arkansas, Marekani, akiwa na mashua mpya na buti za ngozi ya mamba. Zawadi ya Krismasi ya mtoto ilifika Februari, ikifika.

Verlene, aliyepika chakula cha shule miaka ishirini na miwili, alianza kukusanya karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha Tansy. Cheti cha kuzaliwa cha Rhonda pia, maana serikali ilitaka na ushahidi kwamba bibi ni bibi. Kadi ya chanjo. Barua ya daktari. Alipokwenda kuomba barua ya shule, katibu wa shule, mama mmoja wa miwani ya mnyororo, alimwangalia kwa jicho la upande.

"Bi Verlene, mbona kuna bwana alikuja juzi kuomba barua hiyo hiyo?"

"Mwenye buti za mamba?"

"Mimi siruhusiwi kusema. Wala siruhusiwi kukuonyesha fomu aliyojaza. Kwa hiyo naiacha hapa mezani, naenda kuchukua kahawa."

Verlene aliisoma fomu akiwa amesimama. Penye darasa, Cody alikuwa ameandika la pili. Mtoto yuko la nne. Penye jina la mwalimu, ameandika "yule mama mrefu." Tarehe ya kuzaliwa aliipata mwezi, akaikosa siku.

"Amejitahidi," Verlene alimwambia katibu aliporudi. "Jina la mtoto hakukosea."

Barua ya shule ilitoka Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tatu. Kwa posta isingefika. Kesho yake Verlene alipiga simu ofisi ya kodi, akasikilizishwa muziki wa kinanda saa moja na nusu, halafu akatokea kijana mwenye sauti ya usingizi.

"Posta au faksi, mama."

"Siwezi kutuma kwa barua pepe?"

"Hapana mama. Barua pepe si salama."

"Faksi ndiyo salama?"

"Ndiyo mama."

"Mwanangu, mashine ya mwisho ya faksi niliiona mume wangu akiwa bado ana nywele, na sasa ana miaka kumi kaburini."

"Siku hizi kuna programu za simu, mama. Unapiga picha karatasi, simu inatuma yenyewe kama faksi."

Verlene akaitazama ile simu mkononi. Kitu kinachoweza kumwonyesha sura ya mtu aliye ng'ambo ya bahari, sasa kijifanye dude la zamani la kukwaruza karatasi, ili watu wasiojua mjukuu wake analala wapi waridhike. Alicheka peke yake, kicheko kisicho na raha.

Lakini alifanya. Alizitandaza karatasi kumi na nne juu ya meza ya jikoni, akazipiga picha moja moja, akaandika namba, akabonyeza. Simu ikamwambia zimefika zote. Akajipongeza kwa kipande cha keki.

Hata keki hajaimaliza, simu ikalia.

"Naongea na Bi Verlene Stubblefield? Mimi Purvis Ledbetter, nina duka la chakula cha ng'ombe. Samahani sana mama, lakini chanjo za mjukuu wako ziko hapa kwangu, kwenye mashine."

Verlene aliisukuma keki pembeni. Vyeti, anwani, namba za serikali, vyote viko kwa muuza pumba.

"Umekosea tarakimu ya mwisho," Purvis alisema. "Usiogope, nitazichoma sasa hivi kwenye pipa. Ila mama, naweza kusema kitu?"

"Sema."

"Hata ungewapata wenyewe, wasingesoma. Barua ya shule imetoka nyeusi kama lami. Na cheti cha mtoto, jina limefunikwa na kidole gumba."

"Gumba langu?"

"Labda liwe la serikali. Toka nje, mama, upige picha juani. Wakulima wangu huniletea oda nyeusi hivyo hivyo."

Verlene alimshukuru mara tatu, na hakuwa mtu wa kushukuru mara mbili. Akatoa meza ndogo barazani, akaitandika shuka jeupe, akaanza upya. Alikuwa ukurasa wa tisa gari lilipoingia uani, na kabla ya mtu kushuka zikashuka buti.

"Mama," Cody alisema, kofia mkononi. "Kwani lazima tufikishane huko?"

"Sogea. Unaniziba jua."

"Ni makaratasi tu. Ukiyaacha, tutaelewana. Mwaka huu mimi, mwakani wewe. Mtoto hapungukiwi."

"Hawezi kupungukiwa na kitu ambacho hajawahi kukipata."

Cody aliiona karatasi iliyokuwa inafuata, ya kale, imekunjika pembeni. Akalisoma jina, uso ukamsawijika kidogo. "Hiyo ya Rhonda ya nini?"

"Wanataka kujua alikuwa wa nani." Verlene aliinyoosha kwa kiganja, taratibu, akakaa nayo kuliko zile nyingine zote. Picha ya kwanza ilitikisika. Akaipiga tena.

"Angekuwepo asingekuacha unifanyie hivi," Cody alisema.

"Angekuwepo, usingethubutu hata kushuka garini."

Alimaliza za mwisho bila haraka. Namba akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, mara mbili, Cody akiwa amesimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Akabonyeza. Walingoja wote wawili. Simu ikaandika: zimepokelewa, kurasa kumi na nne.

"Tansy yuko wapi?" Cody aliuliza hatimaye.

"Saa nane mchana, Jumanne. Fikiri mwenyewe."

Akafikiri. Ilimchukua muda. Kisha akavaa kofia, akaondoka.

Jibu lilikuja Septemba, mistari minne: ushahidi umekubaliwa, mtoto ni wa nyumba ya Verlene. Jioni hiyo Cody alipiga simu. Alisema Verlene amemfedhehesha mbele ya serikali.

"Cody, kwa serikali wewe ni namba. Mbele yangu ndiko ulikofedheheka, na huko wala hakujakuuma."

Verlene alikata simu. Alidhani atajisikia kama aliyeshinda, lakini alichosikia zaidi ni uchovu, na fedheha mpya, ya kwamba ilibidi aombe watu wasiomjua wamthibitishie ni nani anayelala chumba cha pili. Sebuleni Tansy alikuwa akigombana na hesabu zake za kugawanya, akisema kwa sauti kubwa kwamba hesabu hizi ni za kijinga na aliyezitunga ni mjinga.

"Leta hapa," Verlene alisema, akavuta kiti. "Tuone huo ujinga."