Barua ya Daktari wa Masikio

Saroj alikuwa na miaka ishirini na sita alipoanguka mara ya kwanza, dukani kwao Tabora, akiwa amesimama tu, hajajikwaa popote. Nyumba nzima ilimzunguka, akatapika mpaka nyongo, na sikio la kushoto likajaa mvumo kama wa cherehani isiyopumzika. Toka siku hiyo ugonjwa ulimrudia kila baada ya miezi michache. Mchumba wake wa Kigoma akaoa kwingine. Sikio lile likafa polepole, na Saroj akazoea kutembea akigusa ukuta, kula bila chumvi, na kuwaweka watu upande wake wa kulia.

Aliishi kwa mdogo wake, Nanji. Mke wa Nanji, Pramila, alishinda dukani, kwa hiyo binti yao, Jasoda, alilelewa na Saroj tangu akiwa wa kubebwa. Alimwita Foi, yaani shangazi. Hata alipokuwa mdogo sana, kabla ya kusema naye alizunguka kwanza akaja upande wake wa kulia. Hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba makubwa ya kupangisha, na lao likiwemo. Nanji akaamua wahamie Uingereza. Saroj alipelekwa Dar es Salaam kwa daktari wa masikio, akarudi na barua ya Kiingereza, lugha asiyoijua. Jasoda, sasa msichana wa miaka kumi na tisa, aliketi upande wake wa kulia akamsomea kwa Kigujarati: ndege ingelipasua sikio, na huenda angefia hukohuko angani. Alisoma taratibu, bila kukwama. Nanji akaahidi kwamba wakishafika atamtafutia meli.

Wakapanda treni, Saroj akabaki katika vyumba viwili vya uani. Alishona sare za shule za kijiji cha ujamaa karibu na Kigwa, na jirani yake, Mwanne, akamsaidia kutia vifungo. Barua za Nanji zilikuja, ila habari za meli hazikuwemo.

Mwaka wa pili alishikwa vibaya, siku tatu hakuweza kuinuka. Mwanne alimkokota hadi zahanati. Tabibu, aliyeitwa Raymundi, aliomba karatasi zake za zamani, akapewa ile barua. Aliisoma, akampa dawa. Kisha akauliza, kwa kutaka kujua tu, mbona hakuondoka na ndugu zake.

"Sikio langu haliwezi ndege," Saroj alisema.

"Mama, hapa daktari ameandika kwamba unaweza kusafiri kwa ndege," Raymundi alisema. "Anaagiza tu usiachwe peke yako."

Saroj akamwomba asome tena. Alimsomea mara tatu.

Saroj alimwandikia Jasoda swali moja. Jibu lilichukua miezi miwili. Jasoda alikiri kwamba baba yake ndiye aliyempa maneno ya kusoma. Nanji alihofu Saroj akianguka uwanja wa ndege, maofisa wangewarudisha wote. Jasoda aliomba msamaha. Saroj alimsimulia Mwanne yote huku wakishona, wala hakulia.

"Nanji ni mwoga tangu utotoni, hilo nalijua," alisema. "Lakini huyu nimemlea mimi. Alijua sikio linalosikia ni lipi, akanimiminia uongo humo."

Mwanne alikata uzi. Alisogeza kiti chake karibu, wakamalizia kola zilizobaki.

Miaka ikaenda. Kizunguzungu kilipungua, lakini sikio la kulia nalo likaanza kufifia, na mvumo haukumwacha hata siku moja. Jasoda aliandika kila sikukuu ya Diwali. Saroj alisoma, hakujibu. Mwaka 1977 ikaja tiketi ya ndege, pamoja na picha ya chumba walichomtengea, chenye mapazia ya maua. Aliitazama picha kwa muda mrefu, maana mtoto wa Jasoda, aliyezaliwa hukohuko Uingereza, alikuwa ameketi kitandani. Kisha akairudisha tiketi kwa barua ya rejista. Aliandika kwamba hatakwenda, na kwamba safari hii sababu si sikio. Picha alibaki nayo.