Msusi Aliyeambiwa Ana Wasiwasi

Dada yangu ni msusi, na mdomo wake una kasi kuliko vidole. Siku aliponyamaza katikati ya kusuka kichwa cha mteja, nilijua kuna jambo. Jasho la baridi lilimtoka, taya lilimvuta, mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama wa kuazima. Nikamkimbiza zahanati ya mtaa wa pili.

Daktari hakumgusa. Alitazama kucha zake zilizopakwa rangi, akamuuliza kama ameachika.

"Nimeachika, ndiyo. Lakini kinachouma ni kifua."

"Nyinyi kina mama mna mawazo mengi. Hii ni gesi na wasiwasi."

"Baba yetu alikufa kwa moyo, daktari. Nipime."

"Kwa umri wako? Hayo ya moyo waachie wanaume." Akacheka, akaandika dawa za gesi, akaita mgonjwa mwingine.

Maumivu yalipozidi tulirudi tena, akaongeza dawa zilezile. Wiki hiyohiyo dada akaanguka bafuni.

Kwenye hospitali kubwa, daktari wa moyo, binti asiye na maneno mengi, alimbandika nyaya kifuani kabla hatujamaliza kueleza. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Wakaupitishia mrija kutokea mkononi, wakauzibua.

"Sehemu ya moyo imekufa," akatuambia. "Angepimwa mapema, tungeiokoa."

Dada akageukia ukutani. Nilidhani analia, kumbe anapanga.

Kwanza tulipeleka malalamiko kwenye baraza la madaktari. Kisha, hata kabla mikono yake haijapata nguvu ya kusuka, akarudi saluni kukaa tu na kusimulia. Mimi nasuka badala yake, yeye anaeleza: taya, jasho, mkono, zahanati, gesi. Mtaa una vichwa vingi, na vyote hupita kwetu. Mabenchi ya zahanati yakaanza kubaki wazi.

Daktari akaja mwenyewe, saluni imejaa.

"Mama, unanichafulia jina."

"Jina lako silijui. Mimi nataja mlango wa zahanati tu."

"Tuongee pembeni."

"Sema hapahapa."

Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele. Kwa sauti ya aliyekwamwa na mwiba wa samaki, daktari akasema alipaswa kumpima.

"Nimekusikia," dada akasema. "Kwamba nimekusamehe, sijasema."

Baraza likamwita, likasimamisha leseni yake. Zahanati ikapata daktari mwingine, na sasa mwanamke akitaja kifua, hulazwa kitandani akapimwa moyo kwanza.

Shangazi alimwonya dada kwamba kisasi humla mwenye nacho.

"Mimi kimeninenepesha, shangazi."

Dada bado humeza vidonge vyake kila siku, na kwenye ngazi hupumzika katikati. Juzi tulipita mbele ya nyumba ya yule daktari. Ilikuwa siku ya kazi, jua la mchana, naye anaosha gari. Dada akasimama, akamsalimia kwa sauti, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za kazi, akasubiri kila jibu mpaka likatoka. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaimba.