Damu Hufuliwa kwa Maji Baridi

Damu hufuliwa kwa maji baridi. Ukiitia maji ya moto inaivia kwenye uzi, na hapo hata ulie, haitoki. Mama Povu aliwafundisha hivyo wafuaji wote waliopitia chumba kile cha kufulia cha hospitali, na asubuhi hiyo alikuwa ameinamia karo, vidole vimejikunja kwa maji, akisuuza mashuka ya upasuaji. Mashine ya kufulia ilikufa zamani. Bosi, yaani mkurugenzi wa hospitali, aliahidi nyingine katika kila mkutano, na ahadi zake zilikuwa nyingi kuliko sabuni.

Mama Povu alimchukia mtu yule kwa chuki iliyotulia, chuki ya kulala nayo na kuamka nayo.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, mdogo wake Mama Povu alipasuliwa hapo hapo ili ajifungue. Mtoto alipona. Mama mtu akaanza kuvuja damu, na damu ya kumwongezea haikuwepo, kwa sababu friji ya damu ilikuwa imehamishiwa kantini ya Bosi, ikipoza soda. Wakamtundikia dripu, ikaisha, wakatundika nyingine, na nyingine. Siku ile lililetwa shuka limelowa chapachapa, lakini Mama Povu alilisuuza mara moja tu likatakata. Alifurahi. Alisema hata kwa sauti, "Leo kazi laini." Kisha nesi wa dawa ya usingizi akaingia amejishika kichwa, na ndipo alipojua shuka lile lilikuwa la nani.

"Maji ya dripu yanajaza mshipa, dada," nesi alimweleza baadaye, wote wawili wamekalia ndoo. "Lakini hayagandi. Ukizidisha, damu iliyobaki inakuwa nyepesi, mwili unapoa, kidonda kinakataa kufunga. Tulijua. Sasa tungefanyaje? Tusingetundika, presha ingeshuka, angetufia palepale."

Bosi aliwaambia ndugu maneno mengine. Alisema marehemu alikuwa na ugonjwa wa ukoo, damu isiyoganda. Maneno hayana miguu lakini hufika mbali. Yalifika kwa wakwe watarajiwa wa binti ya Mama Povu, nao wakavunja posa. Nani aoe damu ya maji? Binti akawa hatoki nje, na kila jirani aliyekuja kumfariji aliuliza kwanza kama ni kweli.

Asubuhi ile ya kusuuza ilipogeuka mchana, mlango wa kufulia ulisukumwa kwa nguvu.

"Mashuka safi, fasta!" Alikuwa nesi wa usingizi, anahema. "Bosi kaanguka ofisini. Kidole tumbo, kinakaribia kupasuka."

"Si apelekwe hospitali kubwa, kule wanakotibiwa wenzake?"

"Ambulensi imekwenda kubeba saruji ya nyumba yake. Haijarudi."

Mama Povu alicheka mpaka akashika ukingo wa karo. Kisha akafuta mikono, akagusa ufunguo wa kabati la mashuka yaliyochemshwa kule chumba cha upasuaji, uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, akaenda mwenyewe.

Bosi alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, amejikunja, jasho linamtiririka.

"Damu ipo?" alikuwa akimuuliza daktari.

Daktari alitazama sakafu. "Friji iko kantini kwako, Mkuu."

"Sasa mkinikata, ikitoka nyingi?"

Daktari akamgeukia nesi. Wahudumu wakajishughulisha na magurudumu ya kitanda. Mama Povu ndiye aliyejibu.

"Usijali, Mkuu. Tutakuongezea maji."

Bosi alimtambua. Midomo ilimkauka, na Mama Povu akaufurahia ukavu ule bila aibu yoyote.

"Mtoeni huyu!"

"Natoka. Na ufunguo wa kabati natoka nao." Hakusogea. "Niambie kwanza. Damu ya mdogo wangu ilikuwa na kasoro gani?"

"Mama, tunachelewa," daktari alinong'ona. Lakini hakunyoosha mkono kuuchukua ule ufunguo. Nesi naye ghafla alikuwa na kazi ya kupanga glovu.

Maumivu yakambana Bosi. "Haikuwa na kasoro."

"Sauti, baba. Wenzangu kule nyuma hawasikii."

"Haikuwa na kasoro! Ilikuwa nzima! Friji niliichukua mimi!"

Mama Povu akafungua kabati. Alidhani atashiba, lakini alitamani mtu yule angelia kidogo zaidi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bosi alitokwa na matone tu, na shuka lake Mama Povu alilitenga kwenye ndoo peke yake, kavu.

Bosi aliporudi ofisini alisema hakumbuki kitu. Kama alisema, basi ni dawa ya usingizi ndiyo iliyosema. Daktari akakubali. Wahudumu wakakubali. Nesi wa usingizi, aliyejua kwamba sindano ilikuwa bado haijachomwa, alikubali pia, kisha akapita kufulia, akasimama mlangoni na kushindwa kuingia. "Nina watoto, dada," alisema. Friji ilibaki kantini. Wale wakwe hawakurudi.

Mlinzi ndiye aliyetumwa kumfukuza Mama Povu. "Mama yangu, nisamehe. Wamesema uache ufunguo uondoke sasa hivi."

"Nimalizie nguo moja."

Mlinzi aligeuka upande. Mama Povu alichemsha maji mpaka yakarukaruka sufuriani, akalitumbukiza shuka la Bosi, akalikandamiza kwa mti hadi mvuke ukamfunika uso. Kisha akalitandaza kwenye kamba inayotazama dirisha la ofisi. Madoa yalikuwa machache, meusi, yamekamata uzi. Hayangetoka tena.

La mdogo wake lilitakata kwa kusuuzwa mara moja.