Yesu Alimuuliza Baba

Kazi ya mkalimani wa lugha ya alama kanisani ina sharti moja, nalo ni sharti la kuudhi: mikono ni yako, maneno si yako. Mhubiri akisema "mimi", nawe unajigusa kifua na kusema "mimi", hata kama huyo mimi anabwabwaja. Dada Mikono, kama waumini walivyozoea kumwita, alikuwa amelishika sharti hilo miaka nenda rudi. Alhamisi ile, ofisini kwa mchungaji, ndipo lilipomkwama kooni.

Mchungaji alikuwa amempa mahubiri ya Jumapili mapema ili ajiandae, jambo ambalo wahubiri wengi hawajisumbui nalo. Kwa hilo alimheshimu. Lakini alichokisoma humo kilimchemsha damu. Jumapili ilikuwa siku ya kubarikiwa mtoto wa kaka yake. Kabla ya baraka lingesomwa fungu la Marko, mlango wa tisa, pale Yesu anapomkemea pepo bubu na kiziwi amtoke mvulana. Kisha mchungaji naye angemkemea pepo huyo huyo amtoke mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti, hata kukaa hajaweza vizuri, kiziwi kama baba yake na mama yake. Afya tele, mashavu tele, na vijino viwili vya kung'atia kila kidole kilichomkaribia. Jina alilopewa na baba yake halitamkwi kwa mdomo: unagonga mara mbili kwa kidole penye kishimo cha shavu, basi, umemwita.

"Mchungaji, mtoto huyu hana pepo," Dada Mikono alisema. "Ana masikio yasiyosikia. Ni hayo tu."

"Kwani mimi ndiye niliyeiandika Biblia? Imesema pepo bubu na kiziwi. Unataka niuchane huo ukurasa?"

"Nataka umbariki kama unavyowabariki wenzake."

"Na ndicho ninachokifanya! Nimefunga kwa ajili yake wiki nzima, dada yangu. Mtu asiyempenda angejitesa hivi?"

Hapo mchungaji akamweza. Ni kweli alikuwa amefunga, midomo yake ilikuwa mikavu na macho yamemwingia ndani. Angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa rahisi, ungemchukia ukaenda zako. Huyu alipenda kwelikweli, ila upendo wake haukujua kumtazama mtu bila kutafuta palipoharibika. Kuendelea kubishana naye ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Dada Mikono akaaga, akafunga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, seremala, ambaye karakana yake ilikuwa uani nyuma ya nyumba. Mashine ya randa ilikuwa inapiga kelele za kupasua kichwa. Kaka alikuwa ameiwekea kiganja ubavuni, akiisikiliza kwa mtetemo. Dada Mikono akazima taa na kuiwasha, ndivyo anavyoitwa, naye akageuka akitabasamu. Tabasamu lilikwisha alipoelezwa.

"Usijali," Dada Mikono akamwambia kwa mikono. "Nitayapunguza makali. Akisema pepo, nitasema ugonjwa. Au nitasema tu kwamba anaomba."

Kaka akamkazia macho. "Umewahi kunifanyia hivyo?"

Mikono ya Dada Mikono ikamwanguka. Alikuwa amefanya, tena si mara moja, kila mafungu magumu yalipofika. Alijiambia ni upendo.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa!" Vumbi la mbao lilikuwa linamruka kaka mikononi kwa hasira. "Tangu utoto wangu mnanichujia. Mezani wote mnakufa kwa kicheko, nikiuliza, naambiwa baadaye. Ilifika lini hiyo baadaye? Nipe maneno yote kama yalivyo. Kama ni kugombana na Mungu, nitagombana naye mwenyewe. Niahidi."

Akaahidi, angefanya nini? Kukataa kungemletea adhabu aliyoijua tangu wakiwa wadogo. Kaka akichoshwa na ugomvi, hufumba macho. Kiziwi akifumba macho, mazungumzo yamekwisha, na wewe hata ukirukaruka unabaki unaongea na ukuta. Hakuna kitu kilichowahi kumliza Dada Mikono kwa hasira kama macho yale kufumbwa.

Kaka akaichukua Biblia yake, akalisoma lile fungu hapo hapo juu ya benchi, akarudi mwanzo, akalisoma tena. Aliirudisha imejaa vumbi. "Nitamuuliza mchungaji mwenyewe," alisema. "Wewe utakuwa sauti yangu."

Jumapili kanisa lilijaa. Fungu likasomwa, mahubiri yakahubiriwa, na Dada Mikono hakupunguza hata neno: pepo akawa pepo, kiziwi akawa kiziwi. Kaka na mkewe, viziwi pekee wa kanisa lile, waliitwa mbele. Wifi alimshika mtoto. Kaka akainua mikono, na Dada Mikono akachukua maikrofoni.

"Mchungaji, nina neno," alisema, sauti yake, maneno ya kaka. Kanisa zima likamtazama yeye. Siku zote humtazama yeye, kana kwamba kaka yake ni pazia, na hilo nalo lilimkera.

"Yule mvulana alikuwa akitupwa motoni na majini. Pepo alitaka kumuua. Binti yangu hatupwi popote. Ananyonya, analala, ukiwasha taa anacheka. Na hata kwa yule mvulana, Yesu hakuanza kwa kukemea. Watu walikuwa wanabishana juu ya mtoto, hakuna aliyejali baba anasema nini. Yesu akamgeukia baba, akamuuliza amekuwa hivi tangu lini. Alikuwa Mwana wa Mungu, angeshindwa kujua? Lakini aliuliza, akangoja ajibiwe. Mimi katika fungu hili upendo nauona hapo, kabla ya muujiza. Mchungaji, mimi ndiye baba. Hujaniuliza kitu. Niulize."

Mchungaji alipangusa uso kwa leso. Kwa kitambo kidogo ilionekana angeuliza. Kisha akamgeukia Dada Mikono.

"Mwambie aketi. Mwambie tutaongea baadaye."

Ahadi ni ahadi. Dada Mikono akaashiria: keti, tutaongea baadaye.

Kaka aliliangalia neno lile la mwisho. Akaguna, akafumba macho. Wifi akainamisha kichwa.

Mchungaji akanyoosha mkono juu ya mtoto, sauti ikapanda. "Ewe pepo kiziwi! Nakuamuru, toka!" Mikono ya Dada Mikono ikainuka kwa mazoea: pepo, kiziwi, toka. Ikafika katikati ndipo akaona kwamba anatazamwa. Binti alikuwa ameachia kidole cha mama yake, macho kodo, anaifuata mikono ile inakokwenda.

Mahubiri ya kwanza ya mtoto huyu duniani, na neno ni toka.

Kaka alitaka maneno yote, na kaka alikuwa amefumba macho. Huyu mdogo hakuwa ameahidiwa lolote. Dada Mikono akashuka jukwaani, akasimama mbele yake na kugonga shavu lake mwenyewe mara mbili. Kisha, polepole, akaashiria: Mungu anakupenda. Ulivyo hivyo hivyo. Karibu.

Mtoto akarusha miguu. Wifi akahisi, akainua kichwa, akaona, akampiga mumewe kiwiko. Kaka akafumbua macho. Mchungaji alikuwa bado anakemea, mishipa ya shingo imemsimama.

"Mchungaji ndiye aliyesema hivyo?" kaka akauliza.

"Hapana," alijibu. Akajigusa kifua. "Mimi."