Maharage ya Vuli Yaliyonuka Moshi

Kwa kawaida Januari ni mwezi wa jua. Wakulima wa Rombo, kule Kilimanjaro, huvuna maharage ya vuli, wakayaanika wiki moja uani, na mwezi haujaisha magunia yameshafika Kariakoo kwenye duka la Theopista. Lakini mvua ya vuli iliyoanza Oktoba 1997 ilikataa kukoma. Krismasi ikapita inanyesha, mwaka mpya ukaingia inanyesha. Redioni waliiita El Nino.

Theopista aliuza nafaka kwa jumla katika ghorofa la Madhuben, chumba cha chini. Alianza biashara miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kusafirisha nafaka bila kibali, na maharage yake mengi yalitoka kwa kaka yake Ansbert, aliyebaki nyumbani kulima.

Safari hii lori lilichelewa siku nne kwa sababu ya madaraja yaliyokatika. Lilipofika, Ansbert alishuka na mabuti yenye tope lililokauka hadi magotini. Theopista alifungua gunia la kwanza na kutumbukiza mkono. Ndani mlikuwa na joto. Alipoutoa, punje tatu zilizoganda vidoleni zilikuwa zimeanza kuchipua. Akanusa.

"Kaka, haya umeyafukiza?"

"Tuliyakausha juu ya moto."

"Sasa nani atanunua maharage yanayonuka jiko? Nimeahidi shule mbili, nawe unaniletea haya."

Ansbert alivua kofia. "Mvua haikutupa nafasi."

"Mvua imenyesha kwa watu wote."

Ansbert alivaa tena kofia yake. Alikwenda kuwasaidia wapagazi kushusha magunia, yote thelathini, na hakumtazama tena dada yake.

Madhuben alikuwa amesimama kwenye ngazi, akisikia. Alikuwa mjane wa mzee Chandu, mwenye umri wa miaka sabini na ushee, wapangaji wakimwita Mama Ketan kwa jina la mwanawe, na jengo lile lilikuwa la familia yao. Paa lake lilikuwa bapa, la zege, na huko juu kila mwaka alianika papadi na maembe ya achari. Mpangaji hakuruhusiwa kukanyaga. Theopista aliwahi kuomba aanike karanga, akakataliwa.

Bibi yule alishuka, akachota konzi ya maharage, akatafuna punje moja na kuitemea kiganjani.

"Hayajaharibika yote," alisema. "Jua limetoka. Pandisheni."

"Juu, Mama Ketan?" Theopista aliuliza.

"Juu wapi tena? Harakisheni kabla wingu halijarudi."

Wakapandisha. Walitandika maturubai, na yalipokwisha Madhuben akaleta mashuka yake ya zamani. Theopista alibaki chini kumhudumia mteja. Alipopanda na nyungo mbili mkononi, alimsikia Madhuben akiuliza, "Shamba lenyewe limepatwa na nini?" Akasimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Kipande cha juu kimeporomoka, mama," Ansbert alisema. "Usiku wa kuamkia Krismasi. Udongo ulishuka na kahawa yote na nusu ya maharage. Haya ni yale ya kipande cha chini. Tuliyang'oa mvuani, maana yalikuwa yanaota kwenye maganda."

"Mkayaweka wapi?"

"Ndani. Sebuleni, jikoni, juu ya dari. Kitanda tuliyaachia maharage. Mimi na mke wangu Severa na watoto tulilala chini wiki tatu, tukipokezana kuchochea moto. Severa macho yamemvimba kwa moshi."

Theopista alimaliza ngazi. Akaweka nyungo chini, akapiga magoti upande wa pili wa turubai na kuanza kuchambua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulianza na moshi."

"Nilikosea, kaka."

"Tuchambue," alisema Ansbert, lakini akamsogezea ungo uliokuwa karibu naye.

Saa tisa mvua ilirudi. Watatu hao na wapagazi walikimbia na maturubai, wakayakusanya maharage kwenye ukumbi wa Madhuben, katikati ya makochi. Kesho yake wakayatoa tena. Ilikuwa hivyo siku tano, jua la muda wa saa mbili au tatu tu, kisha mbio. Madhuben alikaa kwenye kigoda akitenga yenye ukungu. Kila Theopista alipoona punje yenye doa dogo na kutaka kuipitisha, bibi aliitoa. "Hii utampa mtoto wako?"

Mwishoni yalipatikana magunia kumi na mawili mazuri. Mengine yalitupwa, na Ansbert aliyabeba mwenyewe hadi jalalani, hakutaka mpagazi.

Theopista alikwenda kwenye zile shule na kueleza kila kitu. Ya kwanza walimkatalia. Ya pili mpishi, mama mmoja aitwaye Zamzam, alinusa, akacheka na kukubali kuyanunua. "Moshi huu ukiloweka na kumwaga maji ya kwanza unaondoka. Kwetu Lushoto mwaka huu hatuna hata ya kunuka."

Kabla ya kuondoka Ansbert aliomba madebe mawili ya mbegu kwa ajili ya masika. Madhuben alikuwa ameshafunga punje kumi kwenye kitambaa kibichi. Zilichipua saba. "Panda karibu karibu," alimwambia, "katika kila kumi, tatu hazitatoka."

Theopista alifunga duka wiki moja, akaenda naye. Hakuwa amefika nyumbani tangu Desemba ya mwaka juzi. Alisimama pale kipande cha juu kilipokuwa, akaona udongo mwekundu na mizizi ya kahawa ikiwa hewani. Severa alimkaribisha jikoni, macho bado mekundu, akamwomba radhi kwa harufu ya nyumba.

"Usiniombe radhi, wifi," alisema Theopista, akachukua jembe lililoegemea mlango.

Walipanda kipande cha chini na ukanda mwembamba waliokodi kwa jirani, sehemu isiyo na mteremko. Masika ilinyesha kwa kiasi chake. Julai Ansbert alituma magunia manne. Yalikuwa makavu, na Theopista aliyauza yote asubuhi moja.