Kinda wa Njano

Kitu cha kwanza alichoona binti ni macho. Makinda watatu wa kasuku walikuwa bado hawajafumbua, uchi kama vidole, wamelaliana ndani ya sanduku la kutagia. Wawili, chini ya ngozi ya kope, walikuwa na vidoa vyeusi kama mbegu za papai. Wa tatu vidoa vyake vilikuwa vya waridi.

Binti alirudisha kifuniko taratibu, akaendelea kubadilisha magazeti ya sakafu ya tundu. Alidhani ni ugonjwa. Halafu akadhani ni macho yake yanayomdanganya. Hakumwambia mtu. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu utotoni, na shangazi zake walishamaliza utani wote wa bubu.

Manyoya yalipochipua, jambo likajitangaza lenyewe. Wawili walitoka kijani kama wazazi wao. Wa tatu alitoka njano tupu, kama aliyekosea nyumba.

Baba yake binti alikuwa fundi saa. Kwake kila kitu kina sababu: saa ikisimama, jino limekatika au vumbi limeingia. Alibana jichoni ile lenzi yake ya kazi, akamkagua kinda kuanzia utosini hadi mkiani. Dume ni kijani, jike ni kijani. Sasa njano imepita mlango gani? Akazunguka chumba cha nyuma akipapasa waya wa matundu, akitafuta penye upenyo. Binti alimfuata na tochi, akimulika kila alipoelekeza, bila kuelewa hasa wanatafuta nini. Upenyo haukuwapo.

Mchana baba akawa amepata jibu: ni jike. Alinunuliwa sokoni, na nani ajuaye alikotoka, nani ajuaye alikuwa na nani. Akatoa boksi la kubebea ndege, akamwambia binti amtie humo, arudishwe kwa aliyemuuza.

Binti alishika boksi akasimama. Makinda walikuwa bado wanalishwa na mama yao, mdomo kwa mdomo. Akiondoka, watakufa, hilo alilijua. Lakini kilichomvuruga kichwa kilikuwa kingine. Hayo maneno, nani ajuaye, alikwisha kuyasikia katika nyumba hii, kwa sauti hiyohiyo. Wakati huo alikuwa darasa la nne. Macho yake yeye ni ya rangi ya asali, na katika ukoo mzima hakuna mwenye macho hayo. Mama alifunga begi. Kesho yake binti hakwenda shule, maana lazima mtu apike, na hakwenda tena.

"Unangoja nini wewe?" baba aliuliza. Hakuwa na jina lingine la kumwitia.

Binti aliweka boksi chini, akatoka nje, akabisha kwa jirani. Jirani alikuwa fundi cherehani aliyefuga kasuku pia, na mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake. Wanaume hao wawili walikuwa wakisalimiana juu ya ukuta kwa miaka mingi, wakizungumza kila kitu isipokuwa ndege, kila mmoja akiogopa mwenzake ataiba ujuzi wake.

"Baba anakuita," binti alisema. Haikuwa kweli.

Sindano alikuja na futi yake shingoni. Binti alimwingiza chumba cha nyuma, penye matundu.

"Afadhali umeniita, jirani," Sindano alisema. "Mficha uchi hazai."

Baba alitaka kuuliza nani kamwita, lakini mwenzake alikwisha kuinamia sanduku, anacheka peke yake. Akaeleza kwa lugha ya kazi yake. Dume ni koti lenye bitana: nje kijani, ndani anaweza kuficha njano maisha yake yote bila mtu kujua. Jike ni koti lisilo na bitana. Alichonacho kiko nje, unakiona. Jike huyu ni kijani, basi hana njano ya kumpa mtoto.

Baba aliomba arudie. Sindano akarudia, akaongeza asichowahi kumwambia mtu: wa njano asiozeshwe wa njano kizazi baada ya kizazi, apewe kijani mwenye afya. Yeye alikaidi, akazika makinda wengi.

"Kwa hiyo jike hana kosa?"

"Kosa lipi? Humu dume ni huyo mmoja tu tangu jike aje. Rangi imetoka kwa huyo huyo, na huyu kinda ni binti wa baba yake. Wala dume naye hakujua."

Sindano alipoondoka, baba alikaa kwenye kigoda, lenzi mkononi, akiigeuza na kuigeuza. Jike aliingia sandukuni, na sauti za makinda wakila zikasikika. Binti alianza kulikunja boksi. Hakujua kama watu nao wana bitana. Hakuna aliyewahi kumfundisha hilo, na huenda mambo ya ndege ni ya ndege tu. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa.

"Mimi sikumwita yule," baba alisema. "Kwa nini ulikwenda kumwita?"

Binti alimalizia kulikunja boksi, akaliweka chini. Kisha alimtazama baba kwa macho yake yaleyale.

"Kwa sababu mama naye ulimrudisha kwao," alisema. "Kwa ajili ya macho yangu."