Mayai ya Kupanda Meza

Mayai yale aliyanunua Genivaldo mwenyewe, trei nzima, na unga juu yake. Katika nyumba ya timu ya poka, karata za kamari, pale Contagem, Brazili, ndiyo desturi: mchezaji akipandishwa kutoka meza za madau madogo kwenda za madau makubwa, anasimamishwa uani, wenzake wanampasulia mayai kichwani na kummwagia unga, kisha nyama inachomwa. Tangu asubuhi Genivaldo alikuwa amevaa shati asilojali likichafuka. Alijua leo ni zamu yake.

Wakampasulia Uálisson.

Kijana wa miaka ishirini na mbili, hata nywila ya intaneti ya nyumba hajaikariri, anarukaruka uani kiini cha yai kikimtiririka masikioni. "Mzee Geni, piga na wewe!" Genivaldo akalirusha lake. Likampata kifuani, kwa nguvu kuliko ilivyopasa.

Thales, mwenye timu, alikuwa kwenye jiko la mkaa akigeuza soseji, na mbwa wake mweupe mwenye sikio lililochanika yuko miguuni anasubiri kudondoshewa. Thales ndiye aliyewapa wachezaji fedha za kuchezea mtandaoni, ndiye aliyekata nusu ya walichoshinda, na ndiye aliyeamua nani apande na lini.

"Bosi, na mimi je?"

"Wewe nini tena, mzee wangu?"

"Usinifanye mtoto. Ulisema nikimaliza mwaka na faida, napanda. Mwaka umekwisha. Faida ipo, na nusu yake iko mfukoni mwako."

"Mzee Geni, kule chini wewe ni mfalme. Huku juu watu wanakula watu. Subiri kidogo."

Subiri. Neno lilelile aliloambiwa mkewe, Dalvina, alipopeleka uvimbe wake zahanati: subiri, mama, utapigiwa simu uje kupimwa. Na simu kweli ilipigwa, Dalvina akiwa ameshazikwa, binti wa upande wa pili akauliza kwa upole mgonjwa mbona hakufika. Tangu siku ile Genivaldo aliwajua wote wanaosema subiri. Ni watu ambao wao wenyewe wameshapata pa kukaa.

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka hasira zikuishe. Wewe ukichokozwa hutupi karata. Unalipa tu ili umwone mtu ana nini, na kweli anakuonyesha."

"Hasira hizi ndizo zimekununulia hizo soseji."

Vijana wakaangua kicheko. "Mgeuze na yeye, bosi, upande mmoja umeshaiva!"

Genivaldo akaichukua trei yenye mayai yaliyobaki, akaelekea getini.

"Mzee, mayai hayo!"

"Yangu!"

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Akawasha kompyuta jikoni, akaingia kwa akaunti yake binafsi yenye jina la kubuni, si ya timu, akahamisha akiba yake yote isipokuwa ya kodi ya nyumba. Mtu mwenye akili hapandi meza mpaka awe na fedha ya kufilisika pale mara thelathini na bado akaamka kesho. Genivaldo alikuwa na ya mara mbili. Alilijua hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana.

Mchana ule alicheza vizuri, tena kwa utulivu. Karata mbovu alitupa, nzuri alisukuma. Hakuona mla watu yeyote. Aliona watu kama yeye, wengine wazembe kuliko wa kule chini. Nilikuwa tayari, akajiambia, na yule mwizi alijua.

Ndipo kiti kilichokuwa wazi kikajazwa. Jina lilikuwa geni, ila pembeni yake palikuwa na picha ya mbwa mweupe mwenye sikio lililochanika.

"Kumbe!" Genivaldo akasema peke yake jikoni. Kwa hiyo hapa ndipo anapokula. Anawazuia wenzake ngazini ili sahani ibaki yake.

Akapewa kumi mbili. Yule mwenye picha ya mbwa akaongeza dau, Genivaldo akalipa. Zikafunuliwa karata tatu za mezani: ree, mfalme, saba; mbili za kwanza kubwa kuliko kumi zake. Mbwa akaongeza tena. Angekuwa mtu mwingine yeyote, Genivaldo angezitupa zile kumi huku anakoroga kahawa. Akalipa. Ikaja karata ya nne, haina maana. Mbwa akaongeza, akalipa. Ikaja ya tano, haina maana pia, na mbwa akasukuma kila kitu alichonacho. Anadanganya, Genivaldo akajiambia. Anayedanganya uani atadanganya na mezani. Akalipa vyote.

Mbwa akafunua ree na mfalme.

Simu ikalia kabla hajaondoa mkono kwenye kitufe.

"Mzee Geni. Ni wewe, sivyo?" Thales hakuwa anacheka, na hilo liliuma zaidi. "Contagem nzima nani mwingine analipa mpaka mwisho na kumi mbili, ree imekaa wazi mezani?"

"Kwa hiyo hiyo ndiyo meza yako. Ndiyo maana hutaki tupande."

"Hilo ni jambo jingine, mzee."

"Ni hilohilo! Umeniweka chini nikulimie, huku juu unakula peke yako. Na leo umenila kihalali, kosa ni langu, ndicho kinachonikereketa!"

"Rudi kesho. Kiti chako kipo."

"Mkalishe mbwa wako."

Thales akashusha pumzi. "Sasa utafanya nini, na fedha umemaliza?"

"Nimebaki nayo kidogo, na kodi sijaigusa. Na nikwambie lini napanda, maana wewe hutaniambia kamwe. Siku nitakayoiona picha ya huyo mbwa mbele yangu na nikatupa kumi zangu kama mbele ya mtu yeyote, siku hiyo napanda. Sitakuomba ruhusa."

"Na nani atakupasulia mayai?"

"Nayakaanga."

Akakata simu. Akakaanga mawili kweli, chumvi ikazidi. Kisha akafungua meza ya senti, ya chini kabisa, kwa akaunti hiyohiyo yake, isiyo na wa kumkata nusu. Karata za kwanza hazikufaa, akazitupa. Za pili mtu akamchokoza kwa dau kubwa la kipumbavu, na damu ikampanda.

Akazitupa, akamtukana yule mtu kwa sauti, akaendelea kula.